Swali Lililotangulia Jibu: Uhakiki wa Kumbukumbu za Mijadala ya Zamani ya Watu wa Ridhaa Mtandaoni

Utangulizi

Sura hii inahakiki maandishi ambayo mara chache huhesabiwa kuwa matini: mijadala ya zamani ya watu waliokutana mtandaoni kwa ajili ya jambo walilolipenda, nayo ikabaki baada ya wenyewe kutawanyika. Watu hao wataitwa hapa watu wa ridhaa, kwa maana ile ile tunayoikusudia katika michezo tunaposema mchezaji wa ridhaa, yaani anayefanya kwa mapenzi, bila ujira. Wapo waliojadili darubini na nyota, wapo waliojadili redio za masafa mafupi, treni za mfano, riwaya za kubuni za kisayansi au ufugaji wa samaki wa mapambo. Mijadala iliyochaguliwa kusomwa kwa karibu ni ya kundi la Usenet lililoitwa comp.os.minix, mwaka 1991 na 1992. Kumbukumbu za kundi hilo zimehifadhiwa na zinasomeka. Zaidi ya hayo, matokeo ya mijadala yake yanajulikana duniani kote, kwa hiyo ni rahisi kupima umbali uliopo baina ya yanayosimuliwa leo na yaliyoandikwa siku ile.

Swali linaloongoza uhakiki huu ni moja: kumbukumbu hizi zinamfaa nini msomaji wa leo? Wenye makundi yenyewe wamezoea kujibu kwamba zinafaa kwa kuwa ni ghala la majibu. Mgeni akiuliza, huambiwa kwanza akatafute, maana swali lake lilikwisha kujibiwa. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni ukweli wa muda mfupi, kwa sababu majibu huchakaa. Aliyeuliza mwaka 1992 jinsi ya kugawanya diski ngumu ya megabaiti 40 alipata jibu sahihi, na usahihi wake leo haumsaidii mtu. Mtafiti anadai kwamba kinachobaki na uhai katika kumbukumbu hizo ni mpangilio wa zamu: nani aliuliza, kwa maneno gani, nani alikosea kwanza, nani alimsahihisha, na kosa lilikaa muda gani kabla ya kusahihishwa. Anayechota jibu na kuliacha swali amechukua sehemu inayooza upesi.

Zana kutoka katika malumbano

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hahitaji kuazima nadharia ya mbali ili kulielewa dai hili. Shairi la malumbano lisomwapo peke yake ni nusu ya kauli. Lina kiwakilishi kisichojulikana kinamrejelea nani, lina fumbo ambalo ufunguo wake uko katika shairi la mpinzani, na lina hasira ambayo chanzo chake hakionekani. Beti ambazo Muyaka wa Mombasa alirushiana na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, wakati miji hiyo miwili ilipohasimiana, zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya na kuzifafanua, na W. E. Taylor akazihifadhi kwa maandishi. William Hichens alizichapisha mwaka 1940. Shukrani zetu kwao ni kubwa. Hata hivyo, diwani hupangwa kwa jina la mshairi, ilhali malumbano hupangwa kwa zamu, na ubeti unapohama kutoka katika zamu yake kwenda katika diwani, mpinzani hugeuka kuwa tanbihi.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, linatoa mfano wa upande wa pili. Msomaji mwenye matoleo yake mkononi hulikuta shairi likiwa na jirani zake, na tarehe, na jina la mji alikotoka mtunzi, kisha hufungua toleo linalofuata kutafuta kama yupo aliyejibu. Huo ndio usomaji ambao mtafiti aliujaribu katika comp.os.minix: kufungua mwezi mzima badala ya kwenda moja kwa moja kwenye ujumbe mashuhuri.

Swali la Julai na tangazo la Agosti

Ujumbe mashuhuri ni wa tarehe 25 Agosti 1991. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwaeleza wanakundi kwamba anaunda mfumo endeshi wa bure kwa kompyuta zenye prosesa ya 386 na 486, kwamba ni jambo la kujifurahisha tu, na kwamba halitakuwa kubwa wala la kitaalamu kama mradi wa GNU. Alisema kazi hiyo imekuwa ikiiva tangu Aprili. Akaongeza kwamba mfumo wake hauhamishiki kwenda aina nyingine za kompyuta, na huenda usiwahi kukubali diski tofauti na ile aliyonayo, kwa kuwa hana nyingine. Mfumo huo ndio Linux, ambao leo uko ndani ya seva nyingi za dunia na ndani ya kila simu ya Android.

Ujumbe huu husambazwa peke yake, na ukiwa peke yake husomeka kama kejeli. Kijana anasema kazi yake haitakuwa kubwa, nasi tunajua ilivyokuwa. Lakini kejeli hiyo ni ya msomaji. Mwandishi hakuitia, na mhakiki anayeisifu kama ufundi wa maandishi yale amempa mwandishi kitu ambacho wakati ndio uliokileta. Katika zamu yake ujumbe una sura tofauti. Uliandikwa katika kundi la watumiaji wa MINIX, mfumo ambao Profesa Andrew Tanenbaum wa Vrije Universiteit, Amsterdam, aliuunda kwa ajili ya kufundishia na kuutoa mwaka 1987 pamoja na kitabu chake. Mwandishi alikuwa mgeni katika nyumba ya mtu, na kauli yake kuu ilikuwa swali: mnapenda nini katika MINIX, na hampendi nini? Unyenyekevu wake unafanana na ule wa mtunzi chipukizi anayepiga hodi kwa malenga kabla ya kutoa beti zake. Ni adabu ya mahali, na hauna budi kusomwa kwa kanuni za mahali pale kabla ya kusomwa kama tabia ya mtu.

Tena, ujumbe wa Agosti haukuwa wa kwanza. Tarehe 3 Julai mwaka huo huo Torvalds alikuwa ameuliza kundini mahali pa kupata kanuni za POSIX, yaani vigezo vinavyoeleza mfumo wa jamii ya Unix unapaswa kufanya nini. Ni swali fupi la mtu anayetafuta waraka. Wasimulizi wengi wa historia hii huanza na tangazo kwa sababu tangazo lina sauti ya mwanzo, nalo swali halina. Kwa maoni ya mtafiti, swali la Julai ni ushahidi mzuri zaidi. Linaonyesha kazi kubwa ikianza bila kujijua, kwa mtu kukosa kitu na kuwauliza wenzake. Tangazo likiachwa peke yake hujenga hekaya ya shujaa. Likisomwa baada ya swali, humrudisha shujaa katika foleni ya waulizaji.

Ubishi wa Januari

Tarehe 29 Januari 1992 mwenye nyumba alizungumza. Chini ya kichwa kilichotangaza kwamba Linux imepitwa na wakati, Tanenbaum alitoa hoja mbili. Ya kwanza ilihusu muundo: kiini kimoja kikubwa chenye kila kitu ndani yake ni kurudi nyuma hadi miaka ya 1970, na wataalamu wa fani wamekwisha kukubali ubora wa kiini kidogo kinachoziachia kazi nyingi programu za nje yake. Ya pili ilihusu kufungamana na aina moja ya prosesa, jambo aliloliona kuwa kosa kubwa. Torvalds alijibu mara moja na kwa ukali. Muda mfupi baadaye aliandika tena kuomba radhi kwa ukali huo, ingawa hoja zake hakuziondoa. Tanenbaum naye aliendelea, na katika kuendelea alibashiri kwamba baada ya miaka mitano kila mtu atakuwa akitumia GNU ya bure juu ya kompyuta za SPARC.

Utabiri huo haukutimia. Hata kauli ya Torvalds kwamba mfumo wake hautahamishika haikutimia, kwani ulihamishwa kwenda prosesa nyingi za aina tofauti, na sifa hiyo ambayo mpinzani wake aliidai ndiyo iliyoufikisha hadi kwenye simu. Kwa hiyo kila upande ulikosea kuhusu jambo ambalo ulikuwa na hakika nalo. Hapa ndipo thamani ya kumbukumbu inapojitokeza kwa uwazi zaidi. Kitabu cha kiada hutuambia nani alishinda. Mjadala uliohifadhiwa hutuonyesha watu wenye akili wakiwa na sababu nzuri za kuamini jambo ambalo halikutokea, na mwanafunzi anayetaka kujua jinsi maarifa yanavyoundwa hana mahali pengi pa kuliona hilo, maana vitabu hufuta njia na kuacha tamati.

Ubishi huu ulichapishwa mwaka 1999 kama kiambatisho cha kitabu Open Sources. Toleo hilo la kitabu linasomeka kwa urahisi zaidi kuliko kumbukumbu, na mtafiti anakiri kwamba alikutana na mjadala huo huko kwanza. Linapoteza kitu, hata hivyo. Katika kitabu kuna jukwaa na wasemaji waliochaguliwa. Katika kumbukumbu ubishi umezungukwa na maswali ya kila siku ya watumiaji wa MINIX, ambao walikuja kwa shida zao na wakazikuta bendera za vita zimesimamishwa barazani. Ukubwa wa tukio hupungua, na kupungua huko ni sehemu ya ukweli wake.

Yaliyookolewa na yaliyofutwa

Ukali wa maandishi yasiyo na sauti wala uso ulikuwa tatizo la zamani zaidi. Mwezi Septemba 1982, kwenye ubao wa matangazo wa kompyuta za Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, wanachuo walikuwa wakijadili fumbo la fizikia kuhusu lifti inayoanguka na vitu vilivyomo ndani yake. Mmoja akatania kwamba lifti moja imechafuliwa kwa zebaki. Wapo waliodhani ni onyo la kweli. Ndipo likaja pendekezo kwamba mizaha iwekewe alama, zikatajwa alama kadhaa, na tarehe 19 Scott Fahlman akapendekeza nukta mbili, kistari na mabano yatazamwe kiubavu, yaani uso wa tabasamu. Kwa miaka 20 ujumbe wenyewe haukupatikana, na ugunduzi huo ukaishi kama masimulizi. Mwaka 2002 ulipatikana katika kanda za akiba za chuo, nao ukarudi pamoja na majirani zake: fumbo, mzaha, hofu, na yale mapendekezo mengine yaliyoshindwa. Bila majirani hao tungekuwa na mvumbuzi na alama yake. Tulipowapata, tuliona kwamba alama ilikuwa zamu moja katika mazungumzo, tena jibu la kosa la usomaji.

Kanda za Usenet zina hadithi inayofanana. Henry Spencer, katika Idara ya Zuolojia ya Chuo Kikuu cha Toronto, alihifadhi ujumbe wa Usenet kwenye kanda za sumaku kuanzia mwaka 1981 hadi 1991. Kanda zilifika 141, zikiwa na ujumbe upatao milioni mbili. Zilinakiliwa baadaye, na zilipoungana na mkusanyiko wa Deja News ulioanzishwa mwaka 1995, Google, iliyoununua mkusanyiko huo mwaka 2001, iliweza mwaka huo huo kuwafungulia wasomaji zaidi ya ujumbe milioni 700. Jambo la kuzingatia ni kwamba sehemu ya kale kabisa haikuokolewa na mpango wa taifa wala wa maktaba. Iliokolewa na mtu aliyekuwa na kanda na hakutaka kuzifuta.

Kinyume chake kinajulikana pia. Mwezi Oktoba 2019 kampuni ya Yahoo ilitangaza kwamba maandishi, picha na mafaili yaliyowekwa katika Yahoo Groups yatafutwa ndani ya miezi michache, na Desemba 2020 huduma yote ikafungwa. Watu wa kujitolea walijitahidi kunakili walichoweza. Makundi hayo yalikuwa ya watu wa ridhaa kwa wingi: wafumaji, wakusanyaji wa stempu, wachunguzi wa nasaba. Walikuwa wapangaji, na kumbukumbu zao zilikaa katika nyumba ambayo hati yake ilikuwa ya mwingine.

Chombo cha kutafutia na ile amri ya kutafuta kwanza

Lipo tatizo jingine lisilo la kufutwa. Chombo cha kutafutia humpa msomaji ujumbe mmoja wenye neno alilolitaka. Humtoa mtu barazani katikati ya sentensi na kumsimamisha mbele yetu kama shahidi. Aliyetafuta neno la utabiri wa Tanenbaum atamcheka, na hataona hoja yake kuhusu uhamishaji ambayo wakati uliithibitisha. Kwa sababu hiyo mtafiti hakutumia chombo hicho kama njia ya kwanza. Alisoma kwa tarehe, akitumia kutafuta kwa ajili ya kurudi tu mahali alipokwisha kupita. Njia hii ni ya polepole, na yeyote atakayedai kwamba inachosha atakuwa anasema kweli.

Amri ya “katafute kwanza” nayo inastahili kuhojiwa kidogo. Inaokoa muda wa wazee wa kundi, hilo halina ubishi. Lakini kumbukumbu ilijengwa na watu waliouliza yaliyokwisha kuulizwa na kupata jibu lililobadilika kidogo kila mara, na mabadiliko hayo madogo ndiyo yanayomwezesha mhakiki kuona fani ikisogea. Kundi linalokataza swali kurudiwa hujifungia kumbukumbu yake katika mwaka mmoja.

Kuhusu haki za waandishi, itoshe kusema kwamba wengi wao hawakudhani watasomwa baada ya miaka 30. Usenet ilikuwa na alama ambayo mwandishi aliweza kuitia katika ujumbe wake kuomba usihifadhiwe, na kuwepo kwake kunathibitisha kwamba mashaka haya si ya leo. Ndiyo maana majina yaliyotajwa katika sura hii ni ya wale tu ambao maneno yao yamekwisha kuwa historia iliyochapishwa.

Malumbano yasiyo na kanda

Uhakiki huu ulianza kwa sababu iliyo karibu zaidi na Kiswahili kuliko Helsinki. Washairi wengi wanaolumbana kwa Kiswahili leo, nao wakiwa watu wa ridhaa, hulumbana katika makundi ya WhatsApp. Yanayotungwa humo ni mengi, na baadhi yake yanaweza kusimama kando ya yaliyochapwa magazetini zamani. Lakini ujumbe hukaa katika simu za wanachama. Kwa miaka mingi anayejiunga leo hakuweza kuyaona ya jana, na tangu mwaka 2020 kundi linaweza kuamua ujumbe ujifute baada ya siku saba. Kundi la namna hiyo halina hata mwenye nyumba wa kulaumiwa.

Mtafiti alikuwa mwanachama wa kundi moja la watunzi, ambalo halitatajwa. Palizuka humo mabishano ya wiki tatu kuhusu mizani ya kipande kimoja: je, neno la mkopo lenye konsonanti mbili zinazofuatana lihesabiwe kama linavyoandikwa au kama linavyoghanwa? Zilitolewa hoja za kisarufi, zikatungwa beti za kupinga na kutetea, na mzee mmoja akatuma sauti yake akighani kipande kile kwa mahadhi mawili tofauti ili kuonyesha jinsi sikio linavyoweza kukubali yote mawili. Hakuna kitabu ambacho mtafiti amekisoma kilichoeleza tatizo hilo kwa uzuri ule. Alipopendekeza kulifanya sehemu ya tasnifu hii, simu yake ilikuwa imebadilishwa na nakala ya akiba haikufunguka. Aliwauliza wanakundi. Walikuwa na hitimisho vichwani mwao, kila mtu la kwake, na waliotofautiana wakati ule waliafikiana sasa kwamba wote walikuwa wamesema jambo lile lile.

Mmoja tu alikuwa na zamu zenyewe. Ni mwalimu mstaafu ambaye kila usiku huyanakili malumbano katika daftari la mistari, tarehe pembeni, jina la mtunzi juu ya beti, na neno “sauti” pale ambapo mtu alituma sauti. Kiambatisho cha tasnifu hii ni nakala ya kurasa 46 za daftari lake. Watunzi wote waliombwa ruhusa, nao waliitoa isipokuwa mmoja. Beti zake hazimo, lakini zamu yake imeachiwa nafasi, na tarehe yake imebaki pembeni, ili msomaji aone kwamba aliyefuata alikuwa akimjibu mtu.